Ndururu Isiyo na Tundu

Tulimzika Mwalimu Osoro mwezi uliopita, kwao Nyamira, na kabla hata udongo wa kaburi haujakauka mtu alikuwa ameshanitia sarafu mkononi. Sitii chumvi. Nilikuwa nimeketi kwenye hema na sahani yangu ya wali na nyama, najaribu kula na huzuni yangu, mara kijana mmoja aliyevaa suti iliyomzidi mabega akavuta kiti, akanipa pole ya mbio mbio, kisha akatoa mfukoni shilingi ishirini iliyopinda. "Anti, wamesema ni wewe unajua hizi vitu. Hii iliharibikia kwa kiwanda, si ndio? Nimeona kwa simu jamaa ameuza moja kama hii akanunua gari." Nikaipitishia kidole. Sikuhitaji hata miwani. "Imekanyagwa na lori," nikamwambia. Akanitazama kwa lile jicho ambalo watu wa kwetu wamekuwa wakinitazama nalo tangu nikiwa msichana, jicho la kusema huyu mama ameshaona ni mali, anataka niitupe ili aiokote. Akaenda kumwonyesha mtu mwingine, meza ya pili, na kutoka huko nikasikia mzee mmoja akicheka na kusema kwamba marehemu naye alikuwa na hadithi yake ya ndururu isiyo na tundu, alizeeka nayo, Mungu amrehemu. Watu wakacheka naye, kicheko kile cha matangani kisicho na ubaya. Mimi sikucheka. Wali ulikuwa umepoa, nikauacha.

Sababu ya mimi kujua hizi vitu, kama alivyosema yule kijana, ni mwaka mmoja tu wa maisha yangu, mwaka niliomaliza kidato cha nne na hakuna aliyejua anifanyie nini. Anti Bosibori wa Nyacheki ndiye aliyenitafutia pahali pa kukaa. Mwalimu Osoro alikuwa amemfundisha shuleni, sasa amestaafu, ni mjane, anaishi peke yake Keumbu, ananunua na kuuza sarafu za zamani, na macho yameanza kumwangusha. Alihitaji mtu wa kumpikia na kuwa macho yake. Nikapelekwa na sanduku langu la bati. Chumba cha mbele kilitazama soko, na dirisha lake halikuwa na pazia kwa sababu Mwalimu alisema pazia ni adui wa ukweli. Meza ilitandikwa blanketi ya kijivu ya bweni ili sarafu zisiteleze. Nje chini ya dirisha akina mama walipanga ndizi mbivu, kwa hiyo chumba kizima kilinuka ndizi na, siku za mvua, kilinuka ndizi na matope. Lenzi yake aliifunga kwa kamba ya kiatu na kuivaa shingoni, akala nayo, na mara kwa mara ilitumbukia kwenye mchuzi wa mboga za chinsaga, akaitoa, akailamba, akaipangusa kwa shati. Mimi ndiye niliyefua hayo mashati. Jambo jingine: alikuwa amefundisha Kiswahili maisha yake yote, na ndani ya nyumba ile ilikuwa marufuku kusema Ekegusii, lugha yetu. Mama wa ndizi akija kuomba maji kwa Ekegusii, Mwalimu alimjibu kwa Kiswahili cha redioni mpaka mama wa watu akakata tamaa na kwenda kuomba kwa jirani.

Somo lenyewe lilikuwa moja, na alilirudia mpaka nikalichukia. Kiwandani, alisema, sarafu inapata kila kitu kwa pigo moja: picha, maandishi, na ukingo. Kosa likitokea pale, linatokea pamoja na hayo yote, na ukitazama kwa lenzi utaona chuma kimekwenda nalo kwa utulivu. Kosa likitokea baadaye, mikononi mwa watu, linapita juu ya picha na kuivunja. Mstari uliopanda juu umetoka kiwandani, kwa sababu chuma cha kupigia chapa kilikuwa na ufa na sarafu ikajaza ule ufa. Mstari uliozama ni mkwaruzo, basi. Sarafu iliyomegeka kiwandani, tazama ukingo wa upande wa pili, nao utakuwa hafifu; iliyokatwa na mtu, upande wa pili ni mzima kabisa. Alinifunga macho kwa kitambaa cha jikoni akanitaka nisome kwa ncha ya kidole: imepanda au imezama? Imepanda au imezama? Nikikosea, tulianza upya hata kama ugali unaungua, na uliungua mara nyingi, kisha akaula akilalamika kwamba umeungua. Juu ya hayo yote kulikuwa na sheria yake kubwa, aliyoisema akinyoosha kidole kana kwamba mimi ndiye niliyepinga: hadithi ya mtu haipimwi kwa lenzi. Mtu akikuambia sarafu hii ilitoka kwa babu, ilikuwa hivi, ilikuwa vile, msikilize kwa heshima, kisha tazama sarafu. Isemavyo sarafu ndivyo ilivyo.

Na hadithi tuliletewa! Siku za soko walianza kubisha nikiwa bado nakoroga uji. Uvumi ulikuwa umezunguka kote, kutoka Keumbu hadi Nyamache, kwamba kuna mwalimu ananunua pesa zilizokosewa, na watu wetu wakisikia kitu kinanunuliwa hawaulizi mara mbili. Waliniletea shilingi iliyochomwa kwenye jiko, shilingi iliyotumika kufungulia skrubu za redio, shilingi mbili zilizogongwa pamoja kwa nyundo hadi moja ikabeba kivuli cha nyingine, sarafu iliyolowekwa kwenye maji ya betri ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwalimu alitazama, akanisogezea, akasema, "Kwamboka, mwambie." Kila mara mimi! Yeye alibaki akipangusa lenzi. Nakumbuka mama mmoja wa Nyamache aliyekuja na sarafu iliyokatwa pembeni, ameifunga kwa leso kwa mafundo, amevaa viatu vya kanisani ili kuja kwetu. Nikamwambia imekatwa na mkasi wa mabati. "Wewe msichana," akasema, "hiyo pesa nimeokota mwenyewe kwa njia. Sina mkasi." Nikamweleza kwamba aliyeikata ni mtu aliyekuwa nayo kabla yake. Akamgeukia Mwalimu. "Mwalimu, sema wewe. Huyu ni mtoto, anaweza kosea." Mwalimu akasema, "Amesema kweli, mama." Mama akalia pale pale, kimya, akifunga tena mafundo yake, na mimi nikabaki nimesimama na kikombe cha chai nilichotaka kumpa. Nilimuuliza Mwalimu baadaye kama hakukuwa na njia laini ya kusema. Akanijibu kwamba ukweli hausokotwi kama nywele. Wiki iliyofuata nilipokwenda Nyamache kununua mboga, kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti, "Huyo ndio ule dem wa kuibia wamama doo!" Nilirudi Keumbu na mboga na hasira.

Sasa cha ajabu ni kwamba mtu huyu asiyekubali hadithi ya mtu alikuwa na hadithi yake mwenyewe, na hakuwa na kitu cha kuithibitisha. Alipokuwa mvulana, baba yake alirudi kutoka kwenye mashine ya kusaga na chenji, na katika ile chenji kulikuwa na ndururu isiyo na tundu. Wasioijua ndururu, ilikuwa senti tano za enzi za mkoloni, ya shaba, na zote zilikuwa na tundu katikati; watu walizitunga kwenye kamba. Hii moja ilikuwa nzima, imejaa, picha inazunguka pahali ambapo tundu lingekuwa na hapana tundu. Akaichezea siku nzima, na kesho yake baba yake akaitumia kununua chumvi. Ndiyo hadithi yote. Lakini Mwalimu aliwahi kuisimulia mbele ya wakusanyaji wa sarafu Nairobi, na mmoja wao, Bwana Mathenge, mtu aliyeheshimiwa na wenzake wote, akacheka na kusema kwamba watoto huona mengi. Tangu hapo kila walipokutana Mathenge alimuuliza kama ndururu yake imepatikana. Mwalimu hakutaka pesa ya kitu kile. Alitaka Mathenge aishike mkononi, basi. Alilisema hilo wakati wa chakula, wakati wa kunywa dawa, na hata akikata kucha. Nilikuwa nimechoka na Mathenge kabla sijamwona.

Halafu nikaiona. Ilikuwa Sabato, nimekwenda Nyacheki kuwasalimia Anti Bosibori na mume wake, Anko Ratemo. Tulikuwa tumetoka kanisani, tumekula ndizi za kuchemsha na maharagwe, Anko amelegeza tai, na Anti akaanza kunitania kwamba kazi yangu ni kuchungulia pesa ambayo haiwezi kununua hata kiberiti. Akaingia chumbani akatoka na mkebe wa majani chai. Ndani kulikuwa na kamba ya ndururu za mama mkwe wake, marehemu, na kando, ndani ya kitambaa, moja peke yake. "Hii haikuingia kwa kamba," akasema. "Iko mbovu. Haina shimo." Niliichukua nikaenda nayo mlangoni penye mwanga. Nikaitazama kwa lenzi yangu ndogo, mbele, nyuma, ukingoni. Nikafumba macho nikaipitishia kidole katikati. Hapakuwa na kiraka, hapakuwa na risasi iliyomiminwa, hapakuwa na kitu ila shaba iliyotulia. Nikakaa kizingitini. Nikawaambia yote: Mwalimu, Mathenge, chumvi. Anti akafurahi hadi akapiga makofi, kwa sababu alikuwa anatafuta namna ya kumshukuru Mwalimu kwa kunikalisha. Nikaomba niende nayo siku ile ile. Akakataa katakata. "Kitu ya kupatia mwalimu wangu haibebwi kwa mfuko ya sketi. Nitaileta mwenyewe, na kuku." Nikabishana naye mpaka Anko akaniambia niache kumpigia shangazi yangu kelele. Basi nikawausia. Nilisema msiioshe. Nilisema msiisugue kwa majivu wala kwa limau, msiipake mafuta. Niliwafanya warudie mbele yangu. Jamani, ni nani angefikiria kusema msiitoboe?

Siku yenyewe Mwalimu alivaa koti lake la harusi za watu. Alikuwa amempigia Mathenge simu kutoka kwenye kibanda, akamwambia njoo, na Mathenge, kwa heshima ya uzee au kwa udadisi, akakubali kupitia kwetu akielekea Kisumu. Nilifagia, nikachemsha njugu, nikatandika meza ile blanketi iliyofuliwa. Anti na Anko wakafika kabla ya mgeni, Anti na gauni lake la kanisa na kuku kwapani, Anko na kofia. Anko Ratemo ni fundi, lazima niliseme hilo. Ujana wake wote alichonga mawe ya sabuni kwenye machimbo ya Tabaka, akatoboa vinara na kusugua sahani kwa msasa na maji mpaka zikateleza kama ngozi ya mtoto. Mikono yake haijui kuacha kitu nusu. Anti akafungua kitambaa mbele ya Mwalimu, akarudi nyuma hatua moja kama anayetoa sadaka. Ndururu ililala pale. Katikati yake kulikuwa na tundu.

"Anti," nikasema, "hiyo tundu imetoka wapi?"

"Ratemo ameitengeneza!" Uso ulikuwa unang'aa. "Niliona ni aibu, mwanangu. Mgeni anatoka Nairobi, nimletee kitu haijaisha? Mwalimu hawezi pewa kitu mbovu."

"Nimetumia drili ya mkono, polepole," Anko akaongeza, akimwelekea Mwalimu, fundi kwa msomi. "Nikapima na zile zingine za kamba ndio zitoshane. Halafu tupa ya duara, halafu msasa na maji. Ilibaki inang'aa pale ndani, nikapaka masizi na mafuta kidogo, ikashikana na rangi ya zamani."

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, lakini kilikuwa kirefu na kilikuwa kinakuja. Mwalimu akainua kiganja bila kunitazama. "Kwamboka, kaweke maji ya chai." Sikwenda. Akaichukua ndururu, akaenda nayo dirishani, akaitazama kwa lenzi muda ambao Anko alimaliza kuvua kofia, kuikunja na kuivaa tena. Akanipa. Nikatazama. Ole wangu, ilikuwa kazi safi! Mwaka mzima nilikuwa nimetazama matundu ya misumari, ya moto, ya drili, yenye makali na mikwaruzo na chuma kilichotokeza nje, na hili halikuwa na hata moja ya hayo. Niliona labda kivuli cha duara upande mmoja, lakini nilikiona kwa sababu nilikuwa najua. Kama angeifanya vibaya! Kama angekuwa mlevi, au mvivu, au na drili ndogo ikaacha tundu dogo kuliko yale ya kamba, tungekuwa na ushahidi usiopingika. Katika Gusii nzima nilikuwa na bahati ya kuwa na anko mmoja asiyeweza kuharibu kitu vizuri.

Gari la Mathenge likasimama nje, na Anti, ambaye hakai na wageni kabla hawajala, akakimbilia jikoni na kuku wake. Mathenge alikuwa mtu mpole kuliko nilivyotaka awe. Alimsalimia Mwalimu kwa mikono miwili, akala njugu, akatoa lenzi yake. "Haya, mzee wangu. Nionyeshe." Mwalimu akampa ndururu. Mathenge akaigeuza, akaigeuza tena. "Lakini Mwalimu, hii ni ndururu ya kawaida. Iko safi, lakini ni ya kawaida tu."

"Sasa ndio iko kawaida," Anko akasema kutoka kiti cha pembeni. "Mbeleni haikuwa. Ilikuwa imefungwa hapa katikati. Ni mimi nimefungua."

Mathenge akamtazama Anko, akanitazama mimi, akamtazama Mwalimu. "Niliiona," nikasema. "Haikuwa na tundu. Niliishika mwenyewe." Na nikaona usoni pake jambo ambalo nilikuwa nikiwafanyia watu mwaka mzima: alinisikiliza kwa heshima, kisha akaitazama sarafu. Anko naye akaudhika, kwa sababu aliona kazi yake inatiliwa shaka. "Mnafikiria ni uongo? Leteni ingine haina shimo, nitatoboa mbele yenu mwone!" Hapo Mathenge akacheka, akashindwa kujizuia. "Fundi, kama kweli ni wewe, basi sijawahi kuona tundu safi namna hii maishani." Alikunywa chai yake, akasema njia ya Kisumu ni ndefu, akamrudishia Mwalimu ndururu kwa mikono miwili. Anko akamsindikiza hadi kwenye gari, akimweleza habari za msasa.

Anti akatoka jikoni akipangusa mikono kwa aproni. "Ameenda na hajakula? Mwalimu, aliipenda?"

Nilimtazama Mwalimu Osoro. Nilingoja. Huyu ndiye aliyemwacha mama wa Nyamache alie mbele yangu. Huyu ndiye aliyesema ukweli hausokotwi.

"Aliipenda sana," Mwalimu akasema. "Amesema hajawahi kuona tundu safi namna hii maishani."

Anti akashika mashavu kwa furaha. "Si niliwaambia! Na basi nikuambie, Mwalimu, haikuwa hii peke yake. Kulikuwa na ingine kama hii, ilikuwa chini ya mkebe. Ratemo ametengeneza zote mbili. Sasa zote zimetoshea kwa kamba."

Nilishika ukingo wa meza. Mwalimu alifumba macho. "Mmefanya vizuri," akasema. "Asante, mama. Asanteni sana." Tukala kuku. Anti alimwekea Mwalimu firigisi, naye akaila yote, akamuuliza Anko habari za Tabaka, na Anko akasimulia mpaka jua likaelekea kutua.

Walipoondoka, nilikusanya sahani kwa kelele ili anisikie. Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza, kwa Ekegusii, kwa sababu hasira yangu haikuwa na Kiswahili, kwa nini hakumwambia. Mwaka mzima umenifanya niwaambie watu. Nimeitwa mwizi sokoni kwa ajili yako. Na leo, siku ambayo ni wewe uliyeharibiwa kitu chako, unasema asante?

Kwa mara ya kwanza katika nyumba ile alinijibu kwa Ekegusii.

"Ningemwambia, angelia," akasema. "Na tundu lisingeziba."

Nilimjibu kwamba hata yule mama wa Nyamache alilia, na kilichokatwa na mkasi wa mabati nacho hakikurudi. Akanitazama kwa yale macho yake mabovu, akakubali kwa kichwa, akaenda kulala bila kuvua koti. Asubuhi aliniomba nimfuate Nyamache tumtafute yule mama. Tulizunguka soko zima tukiuliza, Mwalimu akiwasalimia watu kwa lugha yao, na kwa kuwa siku ile sikumuuliza mama yule jina lake, hatukumpata.